Mapumziko ya Mzazi au Kambi ya Mtoto? Njia za Kupitisha Likizo na Mtoto wa Kuasili, Zikilinganishwa

Shule za Kenya hufunga mara tatu kwa mwaka: kama wiki tatu mwezi Aprili, wiki tatu nyingine Agosti, na likizo ndefu inayoanza mwishoni mwa Oktoba na kupita miezi miwili. Kwa familia iliyoasili mtoto, huo ndio wakati uchovu unapojitokeza. Ratiba ya shule iliyokuwa ikimshikilia mtoto imeondoka, usingizi umevurugika, na mzazi hana pa kupumulia. Basi msako wa "kambi nzuri" unaanza.

Shida ni kwamba msako huo huchanganya haja mbili. Mzazi anayetaka kulala bila kuamshwa mara nne usiku anahitaji mtu wa kumshikia mtoto. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anayetamani kupanda kamba na kuota moto na wenzake anahitaji kambi. Ukimpeleka kambini mtoto asiyeihitaji ili wewe upumzike, utashinda siku hizo ukikodolea simu macho, na wiki itakayofuata utalipa deni lote kwa riba. Amua kwanza ni nani anayehitaji likizo. Mara nyingi ni mzazi, na hapo kambi ya kulala huwa jibu baya.

Kipimo tunachokitumia hapa chini ni idadi ya mambo yanayobadilika kwa mpigo. Yako matano: anayemlea, mahali, kitanda, chakula na ratiba. Mtoto aliyewahi kuhamishwa hubeba badiliko moja au mawili vizuri tu. Yote matano kwa siku moja yanafanana mno na siku aliyotolewa alikokuwa, hata kama safari hii kuna bwawa la kuogelea.

| Njia | Kinachobadilika | Mzazi anapumzika? | Inamfaa nani |
|---|---|---|---|
| Mlezi anakuja kwenu, wewe unaondoka | Anayemlea tu | Ndiyo, siku 1–3 | Karibu kila mtoto aliyekwisha kutulia |
| Kambi ya mchana | Mahali na ratiba, hadi jioni | Saa chache kila siku | Miaka 5–9 hasa |
| Familia nyingine iliyoasili | Vyote, lakini kwa kiasi | Ndiyo, wikendi | Watoto wanaojuana tayari |
| Kwa jamaa mashambani | Karibu vyote | Ndiyo, hata wiki | Mtoto ambaye ukoo umemkubali kwa dhati |
| Kambi ya kulala | Vyote vitano | Nusu tu | Miaka 9 au 10 kwenda juu, anayeitaka mwenyewe |

Wakati usiofaa kulala nje hata kidogo

Mtoto aliyefika kwenu juzi bado anajifunza kwamba wewe ukiondoka hurudi. Kabla hajalijua hilo, kulala kwingine kwake ni kuhamishwa. Kanuni ya busara ni miezi sita ya kwanza asilale mbali nawe. Kwa aliyekaa makao ya watoto miaka kadhaa, au aliyewahi kuwekwa kwa familia akarudishwa, ngoja mwaka. Mapumziko ya kipindi hicho yawe ya saa, si ya siku.

Kuna na sheria. Kabla ya kupeleka ombi la kuasili mahakamani, mtoto anatakiwa awe amekaa chini ya uangalizi wako miezi mitatu mfululizo. Kumtuma kwa shangazi Kakamega wiki mbili katikati ya miezi hiyo ni kujitilia mchanga kwenye kitumbua. Hata miezi hiyo ikiisha, maadamu amri ya kuasili haijatoka, mjulishe afisa wa shirika lililokukabidhi mtoto kabla hajalala kwingine, na usimvushe mpaka, hata kama ni kambi ya siku tatu Arusha au Jinja.

Utajuaje yuko tayari? Akiumia anakutafuta wewe, si mtu yeyote aliye karibu. Ukitoka analalamika kisha anatulia. Anaweza kusema "nina njaa" badala ya kuficha chapati chini ya mto. Wa kuangalia kwa makini ni yule anayemwendea kila mgeni akitabasamu na kumshika mkono. Viongozi wa kambi humpenda sana, humwita mchangamfu. Lakini mtoto aliyelelewa na walezi wa zamu hujifunza kumpendeza kila anayeingia mlangoni. Ndiye rahisi zaidi kudhuriwa, kwa kuwa hajui nani wa kumkimbia. Huyu awe wa mwisho kupelekwa kambi ya kulala.

Mlezi anakuja, mzazi anaondoka

Njia hii hupuuzwa kwa sababu kwetu mapumziko maana yake ni kumtoa mtoto nyumbani. Igeuze: mtoto abaki, wewe uende. Kitanda ni kilekile, paka ni yuleyule, uji wa asubuhi ni uleule. Kinachobadilika ni mtu mmoja.

Mlezi awe mtu anayejulikana, yaani dada yako, rafiki wa siku nyingi au yaya aliyekwisha kuzoeleka. Msichana wa kazi aliyeajiriwa Jumatatu hawezi kuachiwa mtoto Ijumaa. Aje kwanza mara tatu, mbili za kwanza ukiwapo: mara moja kwa chakula, mara moja aone jinsi mtoto anavyoogeshwa na kulazwa, mara moja umwachie kwa saa tatu. Baada ya hapo jaribu usiku mmoja, ukiwa mahali unapoweza kufika nyumbani kwa nusu saa. Ukienda salama, safari nyingine ziwe siku mbili. Huna pesa ya hoteli? Kulala kwa rafiki mtaa wa pili kunatosha. Kujifungia chumbani nyumba hiyohiyo hakutoshi, maana mtoto atabisha mlango hadi alfajiri na hakuna atakayepumzika.

Kinachoharibu njia hii zaidi ya chochote ni kutoroka. Wengi tulilelewa hivyo: mama huondoka mtoto akichezea uani ili asilie. Kwa mtoto wa kuasili, kilio cha kuagana ni bei ndogo mno ukilinganisha na fundisho la kutorokwa, kwamba ukigeuka tu watu hutoweka. Atakufuata hadi chooni kwa mwezi mzima. Mwambie siku moja kabla, muwekeane alama kwenye kalenda, umwachie leso yako aliyoizoea bila kuifua, umuage akikutazama. Taja saa ya kurudi unayoiweza. Kama foleni ya Thika Road haitabiriki, sema saa kumi na moja ufike saa kumi.

Mlezi naye apewe masharti machache lakini magumu. Asimwaibishe akificha chakula. Aache ndizi na biskuti mahali mtoto anapofikia mwenyewe. Asilete mgeni. Asiseme kamwe "ukisumbua mama hatarudi."

Jambo moja watu hawalifikirii: usiitumie njia hii kwenda Mombasa na watoto uliowazaa ukamwacha uliyemwasili. Hata kama sababu ni nauli, yeye ataisoma vingine, na binamu zake watamsaidia kuisoma.

Mashambani kwa nyanya

Hii ndiyo njia rahisi kwa mfuko na yenye faida ambayo kambi haiwezi kuuza. Mtoto anapata nyanya, anapata binamu, anapata boma la kusema "kwetu". Ndiyo pia njia inayoweza kumjeruhi kwa sentensi moja.

Nenda naye kwanza siku nne, usimwache. Tazama jinsi nyama inavyogawanywa. Tazama ni nani anatumwa maji kila mara. Wageni wakiuliza "huyu ni wa nani?", sikiliza jibu. Nyanya akisema "mjukuu wangu" akanyamaza, umepata mlezi. Akishusha sauti na kuanza kueleza, mtoto anasikia, na watoto wa boma wanasikia; wiki ijayo wakigombania baiskeli ataambiwa yeye ni wa kuokotwa.

Chunguza pia habari za shamba. Kisheria mtoto wa kuasili hurithi kama uliyemzaa. Penye ugomvi wa mashamba ambao haujaisha, kuna mjomba anayehesabu ekari, na kila mtoto anayeongezeka ni mpaka unaosogea. Mtoto hapaswi kuachwa kwenye boma la namna hiyo bila mzazi, hata nyanya awe mwema vipi.

Mambo ya kukubaliana na mtu mzima mmoja, kwa jina: habari za mtoto kabla hajafika kwenu hazisimuliwi, hachapwi na yeyote, halali kitanda kimoja na vijana wakubwa wala na kibarua wa ng'ombe, simu inapigwa kila siku saa ileile. Simu ya asubuhi ni bora kuliko ya usiku, kwa kuwa usiku humwamshia hamu wakati wa kulala. Kama ni Nyanza, Magharibi au Pwani na mtoto amekulia Nairobi, hana kinga ya malaria: neti kila usiku, na homa ikipanda apimwe siku hiyohiyo.

Asafiri na mtu anayemjua. Desturi ya kumkabidhi mtoto kwa kondakta na kupiga simu apokewe steji ya mwisho haimfai huyu. Mara ya kwanza apitishe huko siku nne au tano, si wiki tatu.

Kubadilishana na familia nyingine iliyoasili

Faida yake kubwa ni kwamba huhitaji kueleza. Mwenyeji anajua kwa nini mtoto anakagua kabati la chakula akiingia. Kupata familia hiyo, mwombe afisa wa shirika la kuasili awaulize wazazi wengine kwa niaba yako. Yeye hawezi kukupa namba zao, lakini anaweza kupeleka yako. Tembeleaneni familia nzima mara mbili kabla ya mtoto kulala.

Hatari ni mbili. Ya kwanza, mtoto kudhani anaonjeshwa wazazi wapya. Siyo kichekesho, aliyewahi kutembelewa na "wageni" kwenye makao kabla ya kuchukuliwa ana sababu ya kufikiri hivyo. Mwambie wazi: "Unalala kwa akina fulani Ijumaa na Jumamosi, Jumapili ninakuchukua, kitanda chako kinakungoja." Ya pili, watoto wawili wenye historia ngumu chumba kimoja usiku. Wape vyumba tofauti, au mlango wazi na taa ya barazani iwake, na mtu mzima alale karibu. Halafu andikeni hesabu ya siku. Maelewano haya hufa pale familia moja inapojikuta inapokea tu na haipeleki.

Kambi ya mchana

Hapa hapana mengi ya kusema, na hiyo ni sifa. Shule, vilabu vya kuogelea, makanisa na madrasa huendesha programu za likizo za wiki moja moja, mtoto akirudi kulala kwake. Chagua iliyo kwenye shule anayosoma tayari kabla ya ile maarufu ya mtaa mwingine. Siku mbili za kwanza mchukue saa sita mchana, kisha umwongezee. Fika kumchukua kabla ya muda, kwa sababu kuwa mtoto wa mwisho langoni kunauma zaidi kwa aliyewahi kuachwa.

Soma ratiba. Kama kila asubuhi kuna Hisabati na Kiingereza hadi saa sita, hiyo ni tuisheni iliyovishwa fulana ya kambi, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo. Kishawishi ni kikubwa mtoto akiwa nyuma darasani. Kikatae.

Kambi ya kulala: skauti, kanisa au kampuni

Kwa mtoto aliye tayari, tunaipa skauti nafasi ya kwanza, na sababu si gwaride. Kikosi hukutana shuleni muhula mzima, kwa hiyo mtoto anamjua kiongozi wake kwa miezi kabla ya kulala naye kambi moja. Kati ya mabadiliko matano, moja limeondoka. Chama cha Skauti Kenya huwapanga watoto kwa umri: Sungura ndio wadogo, kisha Chipukizi, kisha Mwamba. Kambi yao ya Rowallan iko Nairobi, pembeni mwa msitu wa Ngong, kwa hiyo mzazi wa Nairobi anaweza kufika usiku bila safari ya kaunti nyingine.

Kampuni za michezo ya nje, zile za Naivasha, Sagana na miteremko ya Mlima Kenya, huwa na wakufunzi waliofunzwa kamba na maji. Lakini ni wageni watupu, na msimu ujao watakuwa wageni wengine. Ni za baadaye, si za kwanza. Kwa kambi ya kwanza usivuke mwendo wa saa mbili kwa gari. Naivasha, kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, ndiyo iwe mpaka wako.

Kambi za kanisa ni za bei nafuu na mtoto anakwenda na wenzake wa kila Jumapili. Ila omba ratiba ya usiku. Mikesha ya kuombea "laana za ukoo" hufanyika kwenye baadhi ya kambi za vijana, na mtoto asiyejua ukoo wake wa damu akiambiwa amebeba laana yake hana pa kuikatalia. Uliza pia kama kuna siku ya matendo ya huruma. Kambi hupenda kuwapeleka watoto kwenye makao ya yatima na sabuni na unga. Fikiria mtoto wako anashuka kwenye basi, anaona geti kama lile, na mkoba wake uko ndani ya basi. Siku hiyo abaki kambini na kiongozi, au umchukue wewe.

Maswali ya kuuliza, na majibu ya kukubali. Watu wazima ni wangapi? Shirika la kulinda watoto la Uingereza, NSPCC, hupendekeza mtu mzima mmoja kwa watoto sita wa miaka 4 hadi 8, mmoja kwa wanane wa miaka 9 hadi 12, na mmoja kwa kumi kuanzia 13. Ni kipimo kizuri hata Nyeri. Hesabu wanaolala na watoto, si mpishi na dereva. Wana vyeti vya tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai? Cheti hicho huombwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050, kwa hiyo kisingizio cha gharama hakikubaliki; onyesheni, si "tunavyo ofisini". Mtu mzima hukaa peke yake na mtoto? Jibu ni hapana, bila "inategemea". Adhabu zenu ni zipi? Viboko vimekatazwa na Katiba, Ibara ya 29, lakini magoti na kuruka kama chura bado vipo, na kunyimwa chakula ndiko kubaya kuliko vyote kwa mtoto aliyewahi kulala njaa.

Swali linalopambanua zaidi ni hili: "Mkishindwa naye saa nane za usiku, mtafanya nini?" Kambi nzuri itajibu kwa hatua: kiongozi fulani atakaa naye, tutakupigia, tutakungoja. Kambi inayojibu "hao huwa tunawarudisha nyumbani" kama tishio, iache. Muulize na mhasibu: akirudi baada ya usiku wa kwanza, ada inayosalia inarudishwa? Kwa kawaida hairudishwi, basi ihesabu kuwa imetumika, na tenga mafuta ya gari ya safari ya ghafla.

Karatasi moja kwa kiongozi mmoja

Historia ya mtoto ni mali yake. Kambi nzima haihitaji kujua ameasiliwa. Mtu mmoja anahitaji kujua mambo yanayomsaidia usiku ule. Karatasi ya nusu ukurasa inatosha, kwa mfano:

"Akikosa kuelewa kinachofuata huwa mkali. Mwambie ratiba ya siku kila asubuhi. Usimshike kwa nyuma. Akijificha, kaa karibu, usimvute. Hutoka kwa dakika kumi. Anahitaji kitu cha kula kabla ya kulala. Hachezi michezo ya kuchora ukoo wala kuleta picha za utotoni. Asipigwe picha za kuwekwa mtandaoni. Mwite jina hili tu."

Sentensi ya picha ina uzito. Ndugu wa damu wanaweza kumtambua, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Fomu nyingi za kambi huficha ridhaa hiyo kwenye aya ya mwisho. Ifute kwa kalamu kabla ya kutia sahihi.

Kwenye fomu ya afya, penye "magonjwa ya familia" andika "haijulikani". Usiweke "hakuna". Daktari anayesoma "hakuna" atapuuza uwezekano ambao "haijulikani" ingemfanya aupime. Mtoto mwenye selimundu (sickle cell) asiogee bwawa la baridi wala kukesha kwenye baridi ya mlimani; maji baridi na kukosa maji ya kunywa humwamshia maumivu. Kwa mtoto anayemeza dawa za VVU, sheria ya 2006 inalinda siri ya hali yake, nawe huhitaji kuitaja: "dawa ya kila siku, saa moja jioni, baada ya chakula, kiongozi amwone akimeza" inatosha. Weka dozi za siku mbili zaidi, basi likikwama.

Kukojoa kitandani hurudi kambini hata kwa aliyeacha mwaka mzima. Kitanda cha bweni ni bora kuliko hema la watu watatu. Funga shuka la plastiki, bukta mbili za rangi nzito na mfuko mweusi wa taka, na mwombe kiongozi amwamshe saa nne usiku kana kwamba anawaamsha wote. Majira nayo yana neno: Aprili ni masika na mahema huvuja, Agosti ni baridi kali Limuru na Nyandarua, na mtoto anayehisi baridi hukojoa zaidi. Kambi ya kwanza ya kulala ni bora iwe Desemba.

Kambi za jando

Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ni pia msimu wa tohara kwa wavulana katika sehemu nyingi za Kenya ya kati na Meru, na makanisa huendesha kambi zenye tohara na mafunzo pamoja. Mvulana wa kuasili aulizwe yeye mapema, miezi kabla, wala asibururwe na rika la binamu zake. Tafuta mapema atakayesimama naye kama mlezi wa jando. Kama wajomba wanavutana juu ya nani anastahili, huo ni mjadala wa kuumaliza kabla mtoto hajaingia, siyo siku ya kupona kidonda. Tohara ifanyike hospitalini, na mafunzo yafuate akiwa amepona.

Njia mbili za kukataa

Shule ya bweni ikitumika kama mapumziko ni kambi ya miezi mitatu isiyo na karatasi ya kiongozi. Mtoto wa miaka minane aliyetoka makao huliona bweni na vitanda vya safu, kengele na sufuria kubwa, akajua amerudi. Kama mzazi amechoka kiasi hicho, msaada wa kutafuta ni wa nyumbani na wa mshauri nasaha.

Na mtoto asirudishwe kwenye makao ya watoto "kwa wiki moja tu apumzike na marafiki zake", hata kama mkurugenzi ni rafiki na anakubali. Kutembelea pamoja mchana na kuondoka pamoja ni jambo jingine, na kwa watoto wengine lina faida. Kulala huko, hapana.

Kwenda na kurudi

Mkoba uwe mpya, si ule aliokuja nao kwenu. Aufunge mwenyewe, na mkubaliane vitu vitatu anavyovipenda vitakavyobaki kitandani mwake. Mkoba uliobeba kila kitu chake humwambia kitu ambacho hukusudii. Usimpeleke wiki ya kwanza ya likizo, akiwa bado amechoka na muhula. Arudi angalau siku nne kabla ya shule kufunguliwa.

Akirudi, tegemea vurugu ya siku tatu hadi wiki: kununa, kitanda kulowa, chakula kufichwa tena, maneno makali kwa mzazi aliyebaki naye zaidi. Hapo wengi huamua kambi ilikuwa mbaya. Huenda haikuwa. Anapima tu kama nafasi yake bado ipo. Siku hizo usialike wageni, pika anachokijua, mlaze mapema, na usimhoji. Mambo ya kambini hutoka yenyewe akiosha vyombo au akiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari.

Vurugu isiyopungua baada ya wiki mbili, hofu ya kuogeshwa au kuvuliwa nguo, au siri na mtu mzima fulani wa kambini ni mambo tofauti kabisa. Namba 116 ya kusaidia watoto hupokea simu bure, mchana na usiku. Piga kabla ya kuwapigia waandaaji wa kambi.